Kodi ya Chumba Kahendero Huanzia Kwenye Ramani

Anayetaka kujua kwa nini chumba cha kupanga Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, kina bei kilicho nayo asianze na chumba. Chumba hakina mengi ya kusema: kuta za tofali au za udongo uliosiribwa, bati juu, mlango mmoja wenye kufuli, dirisha dogo na, kwa aliyebahatika, sakafu ya saruji. Vyumba vya namna hiyo, vilivyojengwa mstari mmoja vikitazama ua mmoja, vimejaa Uganda nzima na kila mtu huviita mizigo, kimoja kikiwa muzigo. Aanze na ramani ya wilaya ya Kasese.

Magharibi imesimama Rwenzori, hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994. Kusini na mashariki imetanda Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina jipya mwaka 1954 baada ya malkia mwenyewe kuzuru. Ongeza mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, mashamba ya magereza, machimbo ya chokaa ya Hima, na miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa kusitasita. Kinachobaki ndicho wanachogawana Wakonzo, Wasongora na wageni wote waliofuata shaba, pamba, samaki, chumvi na mpaka wa Kongo. Kwa anayeisoma katika kilomita za mraba, wilaya hii ni kubwa. Kwa anayetafuta kiwanja ni ndogo.

Hoja yangu ni hiyo. Huku kwetu kodi ya nyumba haipandi kwa sababu ya marumaru, wala kwa tamaa ya wenye nyumba peke yake, ingawa tamaa haikosekani. Inapanda kwa sababu mahali pa kujenga pamefungwa. Sheria tulizo nazo humkalisha mwenye nyumba na mpangaji meza moja na kuwapatanisha, lakini haziulizi habari za uzio unaowabana wote wawili.

Kahendero ndipo jambo hili linapoonekana bila pazia. Unaacha lami ya barabara ya Kasese na Mbarara maeneo ya Muhokya, unashuka kuelekea mashariki, na njia inaishia majini: mwalo, mitumbwi, samaki juani, maduka, vibanda vya chapati. Ziwa George lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi na kina chake kwa wastani hakifiki mita 3. Ikweta inalipita. Mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu za dunia, na heshima hiyo linaistahili. Ila kwa mtu anayetaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake, maana yake ni kwamba mbele maji yanalindwa na nyuma nyasi zinalindwa.

Kijiji hiki ni kimoja kati ya 11 vya wavuvi vilivyoachwa ndani ya hifadhi, pamoja na Hamukungu, Kasenyi, Katwe, Katunguru, Kayanja, Kazinga, Rwenshama na vinginevyo. Serikali ya kikoloni ilipochora mipaka haikuwa na haja ya kuwafukuza wavuvi wote, kwa kuwa samaki wa George walikuwa biashara yake pia: shirika la TUFMAC lilikuwa na kiwanda cha samaki palepale Kasenyi. Waliobaki walibaki kwa masharti. Kilimo hakiruhusiwi, ufugaji umebanwa, kuni na miti ya kujengea haikatwi ovyo porini, na kijiji hakitambai kuingia mbugani. Masharti hayo yaliandikwa watu wakiwa wachache. Sasa wajukuu wa wale wachache wanaoa. Kijana wa Kahendero anapoleta mke, nyumba yake itasimama wapi? Itajibanza ndani ya ua wa baba yake, ama atatafuta chumba kwa jirani.

Ndiyo maana mwenye nyumba wa Kahendero si yule tajiri wa hadithi za Kampala. Mara nyingi ni mama aliyefanya biashara ya samaki miaka mingi, akabana faida, akainua vyumba vinne uani kwake, na yeye mwenyewe analala katika kimojawapo. Hajaenda benki kukopa, na hata angeenda, wengi wa hapa hawana hati ya kumwonyesha meneja. Katiba ya mwaka 1995 inatambua njia nne za kumiliki ardhi nchini Uganda, lakini mtu anayeishi ndani ya mpaka wa hifadhi hupata shida kusema yeye yuko katika ipi. Anajenga kwa pesa taslimu, tofali leo, bati mwakani. Anayejenga hivyo hawezi kuinua ghorofa. Atajenga chumba kimoja kimoja, kidogo kinachoweza kuanza kulipa kabla cha pili hakijaisha.

Watu wa Mombasa watalielewa hili haraka. Katika mitaa kama Majengo wameishi kwa vizazi na mpango wa nyumba bila ardhi: kiwanja cha mmoja, nyumba ya mwingine, mpangaji wa tatu ndani. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja, mpangaji humlipa mwenye nyumba, na mzigo wote huishia mgongoni mwa yule wa mwisho. Kahendero hakuna bwana wa kiwanja anayekuja kudai kila mwezi. Lakini wasiwasi ni uleule, kwa kuwa nyumba ni yako na ardhi iliyo chini yake ina mwenye kauli zaidi yako. Mtu hawekezi sana juu ya wasiwasi. Anajenga kidogo, na anataka pesa yake irudi upesi.

Kujenga kwenyewe ni ghali kuliko mtu anavyodhani akitazama kuta. Tofali la kuchoma linataka kuni, na kuni ziko upande wa pili wa sheria, kwa hiyo tofali linakuja kwa lori kutoka nje. Mbao za kenchi nazo zinakuja kwa lori. Saruji inatengenezwa Hima, ndani ya wilaya hiihii, na bado ikifika ufukweni imeshalipiwa safari na mikono mitatu. Udongo wa kando ya ziwa ni mchanga, na maji hayako mbali chini.

Hapo ndipo kilipo chumba ghali kuliko vyote Kahendero, nacho ni choo. Kuchimba shimo katika mchanga ni kazi ya kubembelezana na ardhi: ukichimba fupi linajaa, ukichimba refu unakutana na maji au kuta zinaporomoka. Kulitia tofali kutoka chini hadi juu ni gharama inayokaribia kuinua chumba kingine. Kwa hiyo ua wa vyumba vinne, sita, hata kumi hutumia choo kimoja, na ufunguo wake unaning'inia mahali fulani kila mpangaji anapojua. Kasese imeshapata kipindupindu zaidi ya mara moja, na maafisa wa afya wanajua kwa nini vijiji vya wavuvi ndiko wanakotazama kwanza. Mpangaji mzoefu akionyeshwa chumba hapotezi muda kukagua bati. Anauliza choo kiko wapi, kinatumiwa na milango mingapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Jerikeni la maji linalonunuliwa kila siku ni kodi ya pili, na ile haina daftari.

Kuna jambo jingine linalopanga bei, nalo huwashangaza wageni. Mjini mtu huongeza pesa apate chumba chenye mandhari ya ziwa. Kahendero anayelala na mandhari ya ziwa hulala na viboko. Giza likiingia wanatoka majini kuja kula nyasi, nao hawajali mpaka wa kiwanja cha nani. Upande wa mbugani kuna nyati na tembo. Chumba chenye heshima ni kile cha katikati, kilichozungukwa na milango ya watu, karibu na duka lenye taa. Vya pembeni ni vya bei nafuu, na anayevichukua ni yule aliyefika juzi.

Aliyefika juzi ni nani? Ni mvuvi wa kuajiriwa kutoka mwalo mwingine, mchuuzi wa samaki, fundi wa nyavu, kijana wa bodaboda, mama wa mgahawa, mwalimu aliyepangiwa shule ya karibu, muuguzi. Kati yao wote, ni wawili wa mwisho tu wanaopokea mshahara wa mwezi. Waliobaki hula cha usiku mmoja au cha siku moja.

Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, ambalo makao yake yako Nairobi, lina kanuni inayojulikana: gharama ya makazi ikizidi asilimia 30 ya pato la kaya kwa mwezi, basi makazi hayo yamemshinda mtu. Ni kanuni nzuri kwa mwenye hati ya mshahara. Sasa jaribu kuipeleka mwaloni. Idadi ya mitumbwi inadhibitiwa kwa leseni, na kila mtumbwi halali una namba yake ubavuni. Wenye namba ni wachache, wanaopanda mitumbwi yao ni wengi. Usiku ukiwa na ngege, pesa inagawanywa alfajiri: mwenye mtumbwi, mafuta, nyavu, kisha waliokesha wakivuta. Usiku ukiwa mtupu, hakuna kilichogawanywa. Tangu jeshi lilipopewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa ya Uganda mwaka 2017, mvuvi anaweza pia kupoteza nyavu zote kwa asubuhi moja, ziwe haramu kweli ama awe hakupata nafasi ya kujieleza. Asilimia 30 ya pato la mtu huyu ni kiasi gani? Ya wiki ipi?

Tuchukue chumba cha Sh 50,000 kwa mwezi, kwa hesabu tu, kwa kuwa ni kiasi kinachogawanyika vizuri. Ukikigawa kwa siku 30 ni kama Sh 1,700 kwa siku, fedha ambayo mvuvi mwenye usiku mzuri haihisi inapotoka. Lakini hakuna anayekusanya Sh 1,700 kila jioni. Kodi inadaiwa ikiwa donge, tarehe moja, na tarehe hiyo haina urafiki na samaki. Kinachowaumiza wapangaji wa mialo ni tarehe kuliko kiasi. Mwenye nyumba mwenye akili hulijua hilo na huchukua nusu leo, robo kesho kutwa, huku akiandika katika daftari. Asiye na subira hupiga kufuli juu ya kufuli. Kufuli la pili ni hukumu inayotolewa bila hakimu, nalo lina nguvu kwa sababu vyombo vya mpangaji, nguo za shule za watoto na godoro vimo ndani.

Na hapa tufike kwenye sheria, maana ipo. Kwa miaka mingi Uganda iliendesha mambo ya kupangisha kwa sheria mbili za mkoloni, moja ya 1933 iliyohusu madalali wa mahakama kukamata mali kwa ajili ya kodi, nyingine ya 1949 iliyohusu kuzuia kodi kupanda. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2019, Rais akairudisha, ikajadiliwa tena, na hatimaye ikawa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Yaliyomo si haba. Kodi inatakiwa kuwa ya shilingi ya Uganda isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa la jinai. Mkataba wenye thamani ya pointi 25 za fedha na kuendelea, yaani Sh 500,000, lazima uwe wa maandishi.

Soma hicho kifungu cha mwisho ukiwa Kahendero. Nusu milioni kwa mwezi ni nyumba ya Kampala, yenye geti na mlinzi. Chumba cha Sh 50,000 kinacholipwa mwezi kwa mwezi hakifiki popote karibu na hapo. Mwanasheria mjanja anaweza kudai kwamba mwaka mzima wa chumba hicho ni Sh 600,000 na kwa hiyo maandishi yanahitajika, lakini mwanasheria mjanja haji Kahendero kwa ajili ya muzigo. Kwa hiyo wale ambao wangelindwa zaidi na karatasi ndio walioruhusiwa kuishi bila karatasi. Mpangaji wa neno tupu akipigwa kufuli ataenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na huko kesi itaamuliwa kwa kuangalia nani amekaa kijijini zaidi. Silaumu LC1. Mara nyingi ndiyo mahakama pekee iliyo karibu, na hukumu zake huisha siku hiyohiyo.

Asilimia 10 nayo ina kichekesho chake. Asilimia 10 ya Sh 50,000 ni Sh 5,000. Katika ulimwengu wa mizigo kodi haitembei kwa elfu tano tano, bali hutoka 50,000 kwenda 60,000 kwa sababu hesabu ya mviringo hukumbukwa vizuri. Hiyo ni asilimia 20, kosa mbele ya sheria, na hakuna mtu uani anayejua kwamba kuna kosa limetendeka. Kenya iliwahi kulenga upande wa pili: sheria yake ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1959, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh 2,500 za Kenya kwa mwezi. Ilianzia chini, kwa watu wa chini. Kosa lake ni kwamba kiwango hicho kiliachwa nyuma na bei, na leo Nairobi utazunguka sana kabla ya kuona chumba kinachoingia humo. Sisi tumeweka kizingiti juu mno, wao wamekiacha kikazama.

Mji wa Kasese wenyewe ulizaliwa na tatizo tofauti, kwa sababu mwanzoni haukuwa na wapangaji bali wafanyakazi. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika, mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kazi, na madini yakawa yanapelekwa Jinja kuyeyushwa. Kampuni iliwajengea watu wake nyumba bondeni, kando ya mto Nyamwamba. Watu walitoka pande zote za nchi, na Kiswahili kiliwasaidia kusemezana. Nyumba ilikuwa sehemu ya kazi. Shaba iliposimama mwaka 1982 nyumba zilibaki, kazi ikaondoka, na wazee wa mgodi pamoja na watoto wao wakajifunza maana ya kodi wakiwa watu wazima. Wengine waliteremka mjini, Kamaiba, Base Camp, Kirembe, Kisanga, wakawa wapangaji wa kwanza wa wenyeji waliokuwa na viwanja. Tangu hapo kila tetesi ya mgodi kufunguliwa huwafurahisha wenye nyumba kabla ya wachimbaji. Mwaka 2013 kampuni ya Kichina ya Tibet Hima ilipokabidhiwa mgodi matumaini yalipanda, na mwaka 2017 serikali ilivunja mkataba.

Mwaka huohuo wa 2013, tarehe 1 Mei, Nyamwamba ulishuka na mawe. Ulirudia mwaka 2014. Mei 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona, ulikuja kwa nguvu zaidi, ukavunja nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Waliopoteza makazi walihifadhiwa kwanza katika shule, kisha familia nyingi zikapelekwa kambini Muhokya, jirani kabisa na njia ya Kahendero. Ukitaka kujua ramani ya hatari ya Kasese huhitaji mtaalamu wa maji, ulizia vyumba vya bei nafuu viko wapi. Viko kando ya mto. Maji yakivipeleka, wale wapangaji hupanda kuelekea mahali pakavu na kukuta wenye nyumba wa huko wameshasikia habari. Mto huo baada ya kupita Kasese unamwagika katika Ziwa George.

Bwera, mji wa mpakani wa wilaya hiihii, ni kinyume cha haya yote. Ukifika Kikorongo ukaiacha barabara ya Mbarara na kushika ya Kinyamaseke, unaelekea Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Hapo kodi inapanda na kushuka kwa habari za redio. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwaka 2018, na mwezi Juni 2019 ikavuka hadi Bwera, wafanyabiashara walipungua. Korona ikafunga mpaka. Kisha mwaka 2021 marais wawili walizindua ujenzi wa barabara za kuelekea Beni na Butembo, mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila mwenye chumba cha mbele akaanza kukiita duka. Halafu kuna usiku wa milio ya risasi upande wa Beni, na kesho yake familia zinavuka na magodoro kichwani.

Wengi wa wanaovuka hawapangi chumba. Wanande wa Beni na Butembo na Wakonzo wa Bwera wanasikilizana lugha, wameoana, wamezikana. Anayekimbia huanza kwa shangazi, kwa binamu, kwa mtu wa ukoo. Ukarimu huo ndio unaozuia kodi ya Bwera isiruke kila mara bunduki zinapolia, na hakuna takwimu ya serikali inayouhesabu. Anayekuja na mtaji ndiye anayepanga, naye anakuja na mazoea ya kwao. Upande wa Kongo mpangaji hutoa garanti, yaani amana, kabla ya kupewa ufunguo. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, ingawa mijini wengi huombwa zaidi, na kwa dola. Mtu aliyezoea hivyo akifika Bwera na kuambiwa atoe miezi mitatu kwa shilingi, haoni taabu kulipa. Mwalimu Mganda anayetafuta chumba hichohicho anasimama pembeni akihesabu.

Nimemtaja mwalimu, na siwezi kumwacha hapo. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii hadi Sh milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa, anayegawana naye chumba cha walimu na chaki, aliachwa alipokuwa, na wa shule ya msingi alikuwa akipata karibu nusu milioni. Mwenye nyumba hana mizani ya masomo. Akisikia kwamba mwalimu amepata milioni 4, anasikia walimu wamepata. Wa historia atapandishiwa kodi kwa ajili ya kemia ambayo hakuisoma.

Wenye nyumba nao wana jibu lao tayari, na jibu hilo ni kodi ya serikali. Hebu tulipime. Mtu binafsi anayepangisha hutozwa asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi Sh 2,820,000 kwa mwaka. Yule mama wa vyumba vinne vya Sh 50,000 anakusanya Sh 2,400,000 kwa mwaka, vyumba vyake vikijaa kila mwezi. Hadaiwi chochote. Mwenye vyumba sita anakusanya Sh 3,600,000. Ziada ni Sh 780,000, na kodi yake ni Sh 93,600, yaani Sh 1,300 kwa kila chumba kwa mwezi. Anayeongeza Sh 10,000 kwa mwezi na kusema ni kwa ajili ya ushuru amejilipa mshahara wa kuukusanya.

Basi kwa nini mpangaji wa Kahendero asihame? Swali hili huulizwa sana na watu wa mjini, na linaonekana la busara. Muhokya iko barabarani, ina nafasi zaidi kidogo, haina viboko. Tuseme huko chumba kinapatikana kwa Sh 30,000, na mvuvi anaokoa 20,000 kila mwezi. Mtumbwi hauji Muhokya. Atahitaji bodaboda kushuka jioni na nyingine kupanda asubuhi. Tukiweka Sh 2,000 kila safari, ni Sh 4,000 kwa siku. Ile akiba ya mwezi mzima imekwisha siku ya tano. Bado hajalipia njia yenyewe, inayopita kando ya mbuga saa ambazo nyati wako macho, na bado hajahesabu zile alfajiri ambazo mwenye mtumbwi anahitaji mtu sasa hivi na kumchukua aliyelala karibu. Wakazi wa Kahendero wamekwisha piga hesabu hii bila kalamu, ndiyo maana wanalipa. Anayetaka kodi ipungue aende akaongee na mamlaka ya wanyamapori, halmashauri ya wilaya na wizara ya ardhi, awaulize kama kijiji kilichohesabiwa kwa watu wa 1952 kinaweza kuongezewa mita chache upande wa barabara, ambako mbuga imeshakanyagwa na magurudumu kwa miaka mingi.